Beringi ya kufungua au habu iliyozibwa? Ulinganisho kwa gari linaloshinda nje ya lami

Mtu akiniuliza beringi ipi ya gurudumu inafaa gari linaloshinda nje ya lami, humrudishia maswali mawili. Gari linaingia majini mara ngapi? Na likikwama huko liliko, nani atalifungua, na kwa vifaa gani? Majibu hayo yanaamua mengi kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Beringi ya koni mbili inayofunguliwa na kupakwa grisi ni nzuri, na habu nzima (kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani) iliyozibwa kiwandani nayo ni nzuri. Zinatofautiana katika namna zinavyokufa na katika vitu zinavyokufa navyo. Beringi ikiachwa ife taratibu haiendi peke yake: inaondoka na spindo (mhimili usiozunguka unaobeba habu), inaondoka na shafti (inayozungusha gurudumu), na siku mbaya inaondoka na gurudumu zima.

Uchakavu unaanzia wapi

Kwenye lami beringi hufa kwa uzee. Chuma cha njia ya rola, vile vyuma vya mviringo vinavyobingirika ndani ya beringi, kinabeba uzito mara mamilioni, kinapata nyufa chini ya uso wake, kisha kinabanduka vipande vidogo kama magamba ya samaki. Nje ya lami ni chache zinazofikia uzee huo. Nyingi huuawa na maji na mchanga.

Tazama kinachotokea mtoni. Umeendesha saa nzima, umekanyaga breki kwenye miteremko, habu imepata moto. Ghafla unaitumbukiza kwenye maji baridi. Hewa iliyomo ndani inapoa na kusinyaa, na nafasi inayobaki inatafuta kitu cha kuijaza. Kilicho karibu ni maji, na mlango wake ni mdomo wa sili, ile pete ya mpira inayoziba habu. Sili hiyo hushikilia grisi vizuri na kuzuia vumbi, lakini maji yanayofyonzwa kuingia ndani huishinda. Yakishaingia, hayatoki. Grisi inageuka rangi ya maziwa, inapoteza utelezi, na gari likilala hivyo siku mbili tatu, kila rola inaacha mstari wa kutu pale iliposimama. Mvumo utakaousikia baada ya mwezi unatoka kwenye mistari hiyo.

Ekseli nayo inapumua. Ile valvu ndogo juu ya nyumba ya difu (gia za katikati ya ekseli) ikizibwa na tope, ekseli inayopoa majini itavuta hewa, na maji, kupitia oili sili za ncha zote mbili. Kuondoa valvu hiyo, kuunga mpira mrefu na kuupandisha hadi ndani ya boneti ni kazi ndogo, na inalinda difu na beringi kwa pamoja. Kama gari lako halijafanyiwa hivyo, lianzie hapo kabla ya kununua beringi yoyote.

Sababu ya pili ni mzigo. Hapa wengi wanajidanganya, kwa kudhani kwamba mzigo ukiongezeka mara mbili maisha ya beringi yanapungua nusu. Kwa beringi za rola, mzigo mara mbili huacha karibu sehemu moja tu ya kumi ya maisha yaliyokadiriwa. Kwa beringi za gololi inabaki moja ya nane. Sasa fikiria tairi pana kwenye rimu iliyosukumwa nje, au speisa (vipande vya kusukumia rimu nje) zilizofungwa ili gari lionekane pana. Habu za koni kwa kawaida hubuniwa ili uzito uangukie karibu na beringi kubwa ya ndani. Rimu ikitoka nje, mzigo unahamia kwenye beringi ndogo ya nje, na kila jiwe unaloligonga linapata mkono mrefu zaidi wa kuipinda habu. Gari la speisa linalokula beringi kila msimu halihitaji beringi ya bei kubwa zaidi. Linahitaji rimu sahihi.

Kwanza uhakikishe ni beringi

Tairi za matope zinavuma, na mvumo wake unafanana sana na wa beringi. Zihamishe za mbele ziende nyuma. Mvumo ukihama nazo, ni tairi. Ukibaki pale pale, endelea kutafuta. Barabarani, pinda taratibu upande mmoja kisha mwingine: ukipinda kushoto uzito unaegemea kulia, na beringi mbovu ya kulia itapaza sauti.

Kisha inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, na ulishike gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukitoweka, uko kwenye beringi. Ukibaki, uko kwenye nakoli (chuma kinachobeba habu na kugeuka na usukani) au viungo vyake, bolijointi au kingpini, na beringi mpya haitakusaidia chochote. Mchezo unaopatikana kwa kushika kushoto na kulia peke yake mara nyingi ni wa tairodi, fimbo ya usukani.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha joto. Baada ya safari, kabla habu hazijapoa, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila moja, au tumia kipimajoto cha mwanga. Huna haja ya kujua nyuzi halisi. Unalinganisha kushoto na kulia. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, kuna breki inayoshika au beringi inayolia chini chini.

Koni mbili dhidi ya habu nzima

Beringi ya rola za koni ni ya zamani. Henry Timken aliiandikishia hataza Marekani mwaka 1898, akiwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi, kwa sababu beringi za wakati ule zilishindwa kubeba uzito na msukumo wa pembeni kwa pamoja pale gari linapokata kona. Ndiyo kazi inayoifanya mpaka leo. Kwenye ekseli ya mbele ya Land Cruiser za 70 na 80, au Land Rover Defender ya zamani, utakuta mbili zinazotazamana kinyume: koni (pete za ndani zenye rola) zinakaa juu ya spindo, vikombe (pete za nje) vimekandamizwa ndani ya habu, na nati moja kubwa inazibana zote. Nati ya Toyota hizo inataka boksi (spana ya kuvalisha juu ya nati) ya milimita 54, ya Defender 52. Nimeona nati nyingi zilizotafunwa kwa patasi na nyundo. Ukinunua gari ukakuta nati ya namna hiyo, jua aliyefungua mara ya mwisho hakuwa na kifaa, na huenda hakupima chochote.

Habu nzima ni kitu kingine. Vikombe, koni, sili na grisi vyote vimefungwa kiwandani ndani ya kipande kimoja kinachofungwa kwa bolti kwenye nakoli. Jeep Wrangler za TJ na JK zinazo mbele, na magari mengi ya sasa yenye saspensheni huru yana habu za namna hiyo au beringi pacha iliyozibwa inayokandamizwa ndani ya nakoli kwa presi. Hakuna nati ya kurekebisha mchezo, hakuna grisi ya kuongeza. Ikifa inang'olewa, inawekwa nyingine.

Kwa urekebishaji, habu nzima inashinda, na ninasema hivyo ingawa moyo wangu uko upande wa koni. Koni zinataka mkono unaojua. Ukizikaza kupita kiasi zinaungua. Ukiziacha legevu zinapigana na vikombe kila tuta. Na kipimo hakifanani kwa magari yote. Miongozo mingi ya magari ya Kimarekani inataka mchezo mdogo sana, kati ya milimita 0.025 na 0.125, unaopimwa kwa saa ya kupimia. Ekseli za Toyota nilizozitaja zinataka kinyume chake: beringi ibanwe kidogo, kisha unafunga mizani ya ndoano kwenye stadi (bolti) ya gurudumu na kusoma nguvu inayohitajika kuanza kuizungusha habu. Fundi anayetumia mazoea ya gari moja kwenye gari jingine ataharibu. Utaratibu wenyewe unafanana: unakaza huku unazungusha habu pande zote mbili ili rola zikae, unalegeza, unakaza tena kwa kipimo cha kitabu, unafunga nati ya pili na kupinda washa ya kufungia. Halafu baada ya safari ya kwanza unarudi kupima, kwa sababu vikombe vipya huketi kidogo.

Habu nzima haina sehemu hizo za kukosea, ila moja: nati ya shafti. Kwenye Wrangler TJ inakazwa kwa nyutonimita 237, na kazi yake ni kubwa kuliko kuzuia shafti isitoke. Ndiyo inayobana pete mbili za ndani za beringi zikae pamoja. Ukishusha gari chini na kulisukuma bila shafti na nati hiyo, pete zinaachana na beringi mpya imeharibika hata kabla ya kutoka karakana. Kwa spana ya kubahatisha au mashine ya hewa hutajua umefika wapi. Na kama beringi ina pete ya sumaku ya kihisi cha ABS (mfumo unaozuia breki zisigandishe gurudumu), usiiweke karibu na sumaku wala kwenye meza yenye vumbi la chuma, na usiigonge.

Kwa maji, koni zinashinda kwa mbali. Si kwamba haziingiwi. Sili yake ni ya kawaida tu, na pengine inaruhusu maji mapema kuliko ya habu nzima. Lakini jioni ile ile unaweza kuifungua. Unaosha koni kwa dizeli au mafuta ya taa, unakausha kwa kitambaa (usiizungushe kwa upepo wa kompresa, rola zinaweza kuruka usoni), unaichunguza kwenye mwanga, unapaka grisi mpya kwa kiganja mpaka ichomoze upande wa pili wa kizimba cha rola, unaweka sili mpya, na beringi iliyokuwa inaelekea kufa inaendelea kuishi. Habu nzima ikishaingiza maji, hukumu imeshatoka. Utakachofanya ni kusubiri mvumo.

Dalili nazo zinatofautiana. Koni hutoa taarifa mapema: mchezo kidogo, joto kidogo, grisi nyeusi ukifungua. Habu nzima hukaa kimya muda mrefu, kisha inaporomoka haraka. Ikivuma ukiwa mbali, punguza mwendo urudi. Kwa kushindana nayo unaweza kupoteza nakoli, kihisi na diski kwa pamoja.

Kwa vifaa, linganisha hivi. Koni: boksi kubwa, nyundo, kipande cha shaba cha kutolea vikombe, mizani ya ndoano, tambara, grisi. Ni vitu vinavyoingia kwenye kisanduku kimoja na kazi inafanyika chini ya mti. Habu nzima: spana ya kukazia kwa kipimo, na subira, kwa sababu bolti na mwili wa habu hushikana na nakoli kwa kutu mpaka unapiga nusu siku kuitoa. Ile inayokandamizwa inataka presi. Wapo wanaoigonga iingie kwa nyundo. Nguvu ikipitia kwenye pete isiyo sahihi, gololi zinachimba vidimbwi kwenye njia yake, na beringi inaanza kuvuma siku ile ile. Kanuni ni moja: ukiingiza pete ya nje, sukuma pete ya nje, ukiingiza ya ndani, sukuma ya ndani.

Kwa hiyo, gari linalovuka maji mara kwa mara na kukaa siku nyingi mbali na karakana, ningeliwekea koni bila kusita, mradi mwenyewe yuko tayari kujifunza kuzifungua. Gari la kazi za kila siku linalotoka nje ya lami mara chache, ambalo mwenyewe hatalifungua kamwe, lina heri na habu nzima. Koni zisizofunguliwa miaka mitano ni mbaya kuliko habu nzima ya umri huo huo, maana zina udhaifu wa sili bila faida ya matunzo. Vipo vifaa vya kubadili ekseli ya habu nzima iwe na spindo, koni na habu za kufungia kwa mkono. Ni kazi nzuri, ila ningeifanya kwenye ekseli ambayo shafti, jointi na difu lake vimeshathibitika kuwa vizima.

Nyuma: fuli floti au semi floti

Hapa uchaguzi unagusa usalama moja kwa moja.

Kwenye ekseli ya fuli floti, uzito wa gari unabebwa na spindo na beringi mbili za habu. Shafti ina kazi moja tu, kuzungusha. Unaitambua kwa macho: katikati ya gurudumu habu imechomoza na shafti imefungwa juu yake kwa bolti za flenji. Kwenye semi floti, shafti yenyewe inazungusha na kubeba. Gurudumu limefungwa kwenye flenji ya shafti, na beringi moja iliyo mwishoni mwa bomba la ekseli inashikilia vyote. Land Cruiser za 80 zilitoka na aina zote mbili, kwa hiyo usikisie, chungulia.

Shafti ya fuli floti ikikatika, unafungua bolti, unavuta vipande, unaziba tundu la habu, unafunga gia ya magurudumu manne na kurudi ukivutwa na ekseli ya mbele. Gurudumu linabaki mahali pake. Hata jeki huhitaji. Shafti ya semi floti ikikatika nje ya beringi, gurudumu linaondoka. Beringi yake ikifa vibaya, inatafuna shafti ile ile iliyobeba uzito.

Hata ndani ya semi floti kuna daraja. Aina moja, kama ya nyuma ya Hilux nyingi, beringi imekandamizwa juu ya shafti na kufungiwa kwa bangili ya chuma. Unafungua nati nne za bamba la breki na kuvuta shafti nzima. Kubadilisha beringi kunataka presi, na bangili haitumiki mara ya pili: inakatwa, inawekwa mpya. Aina nyingine, kama Dana 35 ya sakilipi (ekseli ya baadhi ya Jeep), shafti inazuiwa na sakilipi, klipu ndogo yenye umbo la C, ndani ya difu, na rola zinazunguka moja kwa moja juu ya chuma cha shafti. Hakuna pete ya ndani. Shafti yenyewe ndiyo pete ya ndani. Beringi ikichakaa imeshachora shafti, na kuweka beringi mpya juu ya shafti iliyochorwa ni kuweka soli mpya kwenye kiatu kisicho na ngozi. Kwa gari zito la nje ya lami, sakilipi ndiyo chaguo langu la mwisho.

Fuli floti ina maradhi yake. Bolti za flenji hulegea, na zikilegea zinapanua matundu mpaka zinakatika moja baada ya nyingine. Ziguse kwa spana kila baada ya safari ngumu. Sili inayotenganisha mafuta ya difu na grisi ya habu ikichoka, mafuta yanasafisha grisi yote kisha yanamwagika kwenye breki. Baadhi ya ekseli nzito zimebuniwa beringi za habu zilainishwe na mafuta ya difu yenyewe, na hizo hazina shida hiyo, ila siku difu likiingiwa maji, beringi zote nne za nyuma zimeyanywa. Halafu fuli floti ni nzito na haipatikani kwa kila gari. Kwa anayebeba mizigo, kuvuta tela au kwenda mbali peke yake, gharama hiyo naiona halali kabisa. Kwa gari jepesi la mwisho wa juma, semi floti ya bangili inayotunzwa inatosha.

Shafti au spindo ikishachakaa

Swali linabadilika: kutengeneza au kubadilisha? Inategemea pamechakaa wapi.

Mfereji mahali mdomo wa sili unaposugua ndio uchakavu mwepesi zaidi. Kabla ya kulipa chochote, jaribu kuweka sili mpya ikiwa imeingia kidogo zaidi au kidogo pungufu, ili mdomo wake ukae juu ya chuma kisichoguswa. Nafasi ikiruhusu, umemaliza. Isiporuhusu, ipo shati nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, unene wake karibu milimita 0.28, inayovalishwa juu ya mfereji, na sili ya saizi ile ile inaendelea kutumika. Nimezitumia na naziamini, kwa kazi hiyo tu. Hazibebi beringi.

Spindo iliyolika mahali koni zinapokaa inataka uangalifu. Koni za aina nyingi hizi huingia kwenye spindo kwa kuteleza, bila kukandamizwa, kwa hiyo alama nyepesi za mzunguko ni za kawaida. Ukipitisha ukucha ukahisi ngazi, au koni ikitikisika juu ya spindo, hapo imekwisha. Wengine hupigilia vidoti kwa sentapanchi na kupaka gundi ya chuma ili koni ishike. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Mkereza vyuma mzuri anaweza kujaza spindo kwa welding na kuikereza irudi kwenye kipimo, na nimeona iliyodumu. Lakini spindo nyingi zinafunguka kwa bolti na mpya zinapatikana, na nikiwa na nafasi ya kuchagua, nachagua mpya.

Shafti inayozungusha, usiichomelee. Uso wake umegumishwa kwa moto uliopimwa, na joto la welding linaufuta ugumu huo. Itakatika pembeni ya mchomo, mara nyingi kwenye gia nzito, mlimani. Na ukichomelea kitu kingine chochote kwenye ekseli, funga waya wa ardhi karibu na mahali unapochomelea. Umeme ukipita kwenye beringi unaacha alama za cheche kwenye njia ya rola, na hutajua mpaka ianze kuvuma.

Kwa ekseli ya sakilipi kuna beringi ya matengenezo inayohamisha rola na sili kwenda sehemu ya shafti isiyochakaa. Kwenye gari la mjini ni suluhisho la heshima. Kwenye gari linaloruka mawe, naona shafti mpya ni nafuu kuliko wasiwasi.

Meno ya shafti nayo yasome. Weka rula pembeni yake: meno yakiwa yamejikunja kama uzi wa skrubu, shafti imeshapindika kupita uwezo wa kurudi, na safari yake inayofuata hutaichagua wewe. Hapo swali ni kurudisha ya kiwandani au kuweka ya chuma cha 4340, chenye nikeli, kromiamu na molibdenamu. Hiyo ya pili inastahimili kupindwa zaidi na kurudi. Kama una difu la kufunga (linalolazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja) na tairi kubwa, iweke. Kama gari limebaki lilivyotoka kiwandani, shafti ya kawaida inatosha, na ina faida isiyosemwa sana: ikizidiwa inakatika yenyewe, na kuibadilisha ni rahisi kuliko meno ya difu.

Grisi na boksi la beringi

Grisi ya kawaida ya lithiamu huanza kuyeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi. Ya lithiamu changamani inavuka 250, na ya kalsiamu salfoneti mara nyingi inavuka 300 huku ikistahimili maji vizuri kuliko zote mbili. Kwa gari la mitoni nachagua hiyo ya mwisho, ya daraja la ugumu la NLGI 2. Kosa baya ni kuchanganya. Grisi za misingi tofauti zikikutana zinaweza kulegea na kutiririka, kwa hiyo ukibadili aina, osha kila kitu mpaka chuma kiwe kitupu. Usijaze tumbo lote la habu pia. Grisi inayokorogwa bila nafasi inajipasha moto yenyewe.

Kuhusu beringi mpya, bandia zimejaa, na boksi ni rahisi kuiga. Soma maandishi kwenye chuma chenyewe. Koni na kikombe ni ndugu, nunua na ubadilishe pamoja. Na kama ya zamani ni ya kiwandani, haina rangi ya bluu ya kuungua, haina mikwaruzo wala vidimbwi, naiosha na kuirudisha kuliko kuweka mpya nisiyojua asili yake.

Unachobeba njiani

Uchaguzi wako wa beringi ndio unaopanga kisanduku chako. Mwenye koni anabeba seti moja ya ndani na nje pamoja na vikombe vyake, sili, washa ya kufungia, boksi ya nati na grisi kwenye mfuko usiopitisha vumbi. Mwenye habu nzima anabeba habu nzima, na bolti zake mpya, na zile za gari alizipaka dawa ya kuzuia kukwama siku alipozifunga. Mwenye semi floti ya bangili anabeba shafti iliyokwisha kuvalishwa beringi, bangili na bamba lake kwenye presi, kwa sababu presi hataikuta njiani. Pima kabla ya kununua: kwenye ekseli nyingi shafti ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu. Ipake mafuta, itie ndani ya bomba la plastiki, ziba ncha zote mbili, na uandike kwa rangi juu yake ni ya upande gani.